Kopo la Chumvi

Deni la salfa: elfu themanini.
Nimeliandika kwa mkaa nyuma ya mlango,
kila Jumamosi nalikwangua kama ukoko.

Juzi usiku tenki likapasuka.
Newala hii, kiangazi hiki!
Nililala nikisikiliza maji yakiaga kwa adabu,
tone, tone.

Alfajiri, kijana wa kausha damu yuko uani,
kalamu sikioni, pikipiki hajaizima.
"Saini tu, Somoe. Jioni una tenki jipya."
Nikamjibu: kalamu yako ina kiu kunizidi.

Nikashusha kopo la chumvi darini.
Elfu kumi na mbili na mia tatu,
sarafu zanuka moshi wa korosho.
Nampota akayeyusha ndoo mbovu, akaziba ufa;
nusu ya ujira pesa, nusu nitambangulia.
"Usilijaze kupita kiraka," akaonya.
Sawa. Nusu tenki, ila langu lote.

Jumamosi nikapeleka elfu mbili badala ya tano.
Mwenye duka akaguna, akapokea.
Mlangoni nikafuta kamstari;
kidole kikabaki cheusi.

Kopo limerudi darini, tupu.
Leo nimetumbukiza mia moja.
Imelia peke yake, nyumba nzima ikasikia.