Swali la Kumi na Nne

Swali la kumi na nne:
kaya hii hula milo mingapi kwa siku?
Damari anapepeta uwele, hanitazami.
"Mitatu," anasema kwa sauti. Watoto wako mlangoni.
Chini ya ungo ananionyesha vidole viwili.

Ndoo ya maji: mia tatu. Juzi, mia mbili.
Paa, bati. Sakafu, udongo.
Mume? "Yuko Mtumba, anawajengea mji."
Fundi. Msimbo sifuri saba.

Vumbi la Nkuhungu limetua juu ya kishikwambi,
nalifuta kwa kiganja, linabaki.
Ofisini wataniuliza wastani umeshukaje.

Naandika mbili.
"Mitatu," narudia kwa nguvu,
wasikie mlangoni.