Fomu ya Uhamisho

Fomu imekuja na mistari mitatu tu:
"Eleza kwa ufupi kwa nini unataka kurudi kaunti yako."
Nimechonga penseli mara mbili.
Nje, umande umeganda juu ya viazi vya Mama Wamaitha,
mweupe kama chumvi iliyomwagwa kwa hasira.

Kaunti yako. Ipi?

Kitambulisho kinasema Vihiga, na hakisemi uongo.
Nilizaliwa Chavakali, nyuma ya jiwe
ambalo baba alishindwa kulipasua, akalima kulizunguka
hadi alipokufa; mahindi yakawa yanasimama pembeni
kama wageni waliokosa viti.
Robo ekari, wana watano wa kiume.
Hesabu hiyo siwapi watoto wa darasa la nne.
Haigawanyiki.

Nilifika Molo miaka kumi na mmoja iliyopita
na godoro, jiko la makaa, barua yenye muhuri.
Watoto walicheka nilivyotamka gari likawa kari.
Nami nikawacheka wao, walioniita mwarimu.
Tukaanzia somo hapo,
katika lugha ambayo hakuna mama yetu hata mmoja
aliyetubembelezea.

Sitaandika baridi. Baridi huzoeleka, kama mkwe.
Ningeandika simu ya saa kumi usiku:
presha ya mama imepanda,
na kati yangu naye kuna Londiani, kuna Kericho,
kuna bonde la miwa, kuna Kisumu iliyolala,
kisha mlima tena.
Mjomba Kisanya nilimzika kwa simu.
Nilituma elfu mbili, nikapokea ujumbe wa asante,
nikaendelea kusahihisha insha.

Na kila mwaka wa tano, mwezi wa saba,
nashusha sanduku kutoka juu ya kabati.
Sitii kitu ndani. Naliweka tu karibu na mlango.
Mama Wamaitha huliona. Hasemi neno.
Huniletea viazi, debe zima,
vingi kuliko ninavyoweza kubeba nikikimbia.
Mwaka ule mwingine, kabla sijaja,
ni yeye aliyekimbia.

Mbegu za mrenda alizonipa mama
nilizipanda kwenye karai kuukuu.
Zilichipua vidole vitatu, zikaonja umande, zikakataa.
Sukuma wiki haikuuliza maswali.

Lakini kuna jambo lisiloandikika
katika fomu ya serikali.
Hapa hakuna anayejua niliwahi kuitwa mke wa Vuguza.
Sokoni hakuna anayenishika kiwiko
na kuniuliza, kwa ile sauti ya matangani,
kama ng'ombe walirudishwa wote au walibakizwa wawili.
Hapa mimi ni Mwalimu Kageha,
anayependa supu ya kondoo,
asiyesamehe daftari lisilo na jalada.
Nalala katikati ya kitanda.
Kuna asubuhi, naapa, naamka
na jina lake limenitoka kabisa,
mpaka nipige mswaki.

Upweke nao upo. Sikatai.
Krismasi iliyopita nilikosa nauli, zilikuwa zimepanda maradufu,
nikala chapati tatu na Chepng'eno wa nyumba ya pili,
naye akanimiminia mursik, akinitazama usoni
nione haya kukunja uso.
Sikukunja. Nililia kidogo, tukasingizia moshi.

Jana mama alipiga mwenyewe, sauti imepona.
Tuliongea habari za kuku, za jiwe, za mpaka
ambao ndugu zangu wanausogeza usiku.
Kisha akauliza: "Huko kwenu mvua imenyesha?"

Kwenu.

Nikasema, imenyesha, mama.
Nikasikia akitikisa kichwa; husikika,
hereni zake hugonga simu.

Nimeandika: Mama ni mgonjwa.
Nimefuta.
Nimeandika: Nimezoea.
Nimefuta, karatasi imeanza kutoboka hapo.
Chini kabisa, kwa herufi ndogo, wanasema
fomu ijazwe kwa kalamu ya wino.

Mwisho wa kupokea ni Ijumaa.