Machungwa Kumi ya Mwisho

Nilimpa Nandonde sifuri kwa wino mwekundu,
Alhamisi, kipindi cha pili, darasa la tano.
Nusu kujumlisha theluthi, yeye kaandika mbili ya tano:
juu kwa juu, chini kwa chini,
kama fundi anayepanga matofali.
Nikamsimamisha mbele ya wenzake sabini na mmoja.
"Kiasi hukaa juu, asili hukaa chini.
Mara ngapi niseme?"
Darasa zima likaitikia, kwa sauti nzuri,
kiasi juu, asili chini,
nami nikadhani kuitikia ni kujua.

Jumamosi nikamkuta stendi ya Muheza,
tenga miguuni, kisu kidogo mkononi,
ganda linashuka refu bila kukatika.
"Yalikuwa sitini," akaniambia, sijamuuliza.
"Mama wa hoteli kachukua nusu.
Kondakta wa basi la Lushoto, theluthi."
Hakushika kalamu. Hakutazama hata juu.
"Bado kumi, mwalimu. Nikufungie?"

Nilisimama pale na mkoba wa madaftari begani,
na sifuri yake imo humo ndani.
Kumi katika sitini. Sehemu moja ya sita.
Mtoto kaifikia akimenya.

"Nifungie."

Jumatatu sikugusa chaki.
Nilikata la kwanza katikati, nikachukua nusu.
La pili nikaligawa mara tatu, nikachukua theluthi.
Nikaviweka pamoja kwenye sahani ya bati.
"Haya. Hapa kuna nini?"
"Vipande viwili!" akasema Mwanamkuu,
kisha akasogea, akainama, akaguna.
"Lakini huyu mnene, huyu mwembamba.
Ukinipa mwembamba nitalia."
Wakacheka. Nami nikacheka,
maana miaka kumi na minne ubaoni
sikuwahi kulisema hilo vizuri hivyo.

Nikachukua la tatu, nikalikata sita.
"Kwa nini sita?"

Hapo ndipo nilipofanya kazi ngumu kuliko zote za ualimu:
nilinyamaza.
Moja. Mbili. Jibu linaniwasha ulimini.
Tatu. Nne. Kuku wa mlinzi anapita mlangoni.
Tano. Sekiete kainua mkono, kaushusha.
Sita. Nani kanituma kuacha chaki?
Saba.
Nane.
"Kwa sababu," akaanza Nandonde,
hasemi na mimi, anasema na chungwa,
"sita anawakubali wote wawili.
Mbili anaingia, tatu anaingia,
hakuna wa kubaki nje."

Kigawe kidogo cha shirika.
Nilikikariri chuoni Korogwe, nikakifundisha kwa fimbo,
na siku ile ndiyo kwanza nikakisikia harufu.

Msidhani kila kitu kilinyooka.
Alhamisi niliuliza tena, nusu ya darasa walikuwa wamesahau,
wamerudi kwenye matofali, juu kwa juu.
Zamani ningefoka.
Sasa nikachora chungwa ubaoni, kisu sina.
Wiki iliyofuata, duara tupu.
Wiki ya tatu, namba peke yake,
na bado nikaona vidole vikikata hewa chini ya madawati.
Ile mbili ya tano hatukuifuta.
Ilibaki pembeni ya ubao kama mgeni aliyepotea njia,
na kila aliyepita aliielekeza:
wewe ulikosea pale, rudi mpaka pale.

Mwezi wa pili akaja mkaguzi na fomu yake.
Akafika penye mstari wa zana za kufundishia,
akatazama kabati, akatazama kuta,
akatazama mimi.
"Zana ziko wapi?"

Nandonde akasimama, mikono nyuma, kwa heshima zote.
"Tulizila, mheshimiwa."

Kalamu ya mkaguzi ikabaki hewani.
Nikanyamaza.
Moja. Mbili.