Mguu Mmoja

Saa kumi na mbili asubuhi, uwanja wa Tangamano.
Umande haujaamua kama unaondoka.
Nina filimbi, na daftari lenye doa la chai,
na wanafunzi kumi na mmoja; leo tisa.

Semkiwa huja kwa baiskeli kutoka Makorora
na swali lake lile lile:
"Mwalimu, nakanyaga pedali kutwa nzima,
hizi chupa za mchanga nibebe za nini tena?"
Moyo wako mzima, Semkiwa, namwambia,
ni punda wa kukodi, haulalamiki.
Lakini mgongo? Juzi umeinua kiroba cha unga
ukabaki umeinama kama alama ya kuuliza.

Ananuna. Anabeba.

Bi Mwanahija ni fundi cherehani.
Nikisema "nyoosha," huvuta mpaka akatetemeka,
kana kwamba msuli ni mteja mwenye deni.
Taratibu, mama. Ushike hapo. Pumua.
Hatudai kitu, tunabisha hodi tu.

Chuoni tulipewa kitabu:
moyo na pumzi, kurasa arobaini;
nguvu, thelathini na moja;
kunyoosha viungo, kumi na mbili;
mizani ya mwili, aya moja
chini ya picha ya mtu anayetabasamu.
Mizani niliijua ya dukani, na ya mashairi ya babu.
Ile aya niliiruka. Haikuja kwenye mtihani.

Kisha mama akaanguka, mlangoni mwa bafu.
Si pumzi: sokoni alikwenda kwa miguu na kurudi.
Si nguvu: ndoo iliyojaa aliibeba mwenyewe.
Aliinua mguu avue kandambili,
na ule mwingine ukasahau kazi yake.

Nyonga. Bombo. Miezi minne.

Siku hizi somo linaanza na mguu mmoja.
Watu tisa kama korongo katikati ya uwanja,
na muuza kahawa anauliza, "Jamani, mnamngoja nani?"
Semkiwa, na mapaja yake yale, anayumba kwenye nne.
Bi Mwanahija anafika ishirini,
anacheka, cheko linamwangusha.

Nyumbani, mama kashika fremu ya mlango
kwa kidole kimoja, mswaki mdomoni.
Nahesabu. Tano. Sita.
Anashusha mguu, anatema povu:
"Saba nimeiweka ya kesho.
Usiihesabu bila mimi."