Ufunguo wa Masika

Shika. Huu mdogo ni wa buti, usiulazimishe,
uelemeze kidogo kushoto, kisha unyanyue.

Majirani hapa Kibokoni wanasema gari si sukari,
mvua haitaliyeyusha.
Hawajaligusa bati lake, Twaiba.
Wajapani wa mwaka ule walilisukuma jembamba
kama manda za sambusa,
na hewa ya mji huu ina chumvi hata usiku wa kiangazi.
Pitisha ulimi kwenye kioo, utajua.

Basi sikiza.
Mvua ya kwanza ndiyo mbaya, si ya pili, si ya tatu.
Ya kwanza huamsha mafuta yote yaliyolala kwenye lami
tangu Desemba, dizeli ya malori ya Kilindini,
na Makupa yote huwa sahani ya pilau isiyooshwa.
Datsun hii husukumwa na magurudumu ya nyuma:
pua ndefu, mkia mwepesi.
Ukikanyaga mafuta kwa hasira kwenye kona ya Buxton
mkia utakupita,
utajikuta unatazama ulikotoka.
Usishike breki.
Geuza usukani kule kule mkia unakokwenda
na uondoe mguu polepole,
kama mtu atokaye chumba cha mtoto aliyelala.

Wipa zake hazina haraka. Moja husafisha, moja hupaka.
Wewe tazama kupitia ile moja.

Dimbwi usilolijua kina usiliingie.
Pale Mwembe Tayari ngoja kwanza tuktuk ipite:
maji yakiifika tumboni, geuza, zungukia Tononoka.
Watakupigia honi. Wapungie mkono.

Na ukirudi, usilifunike.

Hapa nakuomba uniangalie.
Miaka kumi na moja nimelifunika kwa turubai la buluu,
nikalikaza kamba kama gunia la Kongowea,
limelowa, limekauka, sikuuliza,
nikaingia ndani kulala usingizi wa mtu mwenye mali.
Mwaka jana Fundi Shebwana akajitia chini yake,
akachokoa sakafu kwa bisibisi.
Bisibisi ikapita mpaka kwenye zulia.
Akacheka. Kisha akaacha kucheka.
“Mvua haina kosa,” akasema.
“Umelipalia mwenyewe, kama wali.”
Jasho lake lenyewe, Twaiba.
Halikuwa na pa kupumulia.

Nilikaa kwenye ngazi mpaka adhana ya alasiri.
Nikakumbuka ulipouomba ufunguo huu mara ya kwanza,
una miaka kumi na tisa, leseni mpya mkononi.
Nikasema barabara mbaya, watu wabaya, mvua.
Mwaka uliofuata nikasema vivyo hivyo.
Sasa una mvi moja, hapo juu ya sikio.
Sijakwambia kuwa nimeiona.

Basi ukirudi fungua milango yote miwili. Toa mazulia.
Chukua kanga kuukuu za mamako,
zile ambazo maneno yake hayasomeki tena,
ukaushe kizingiti, ukaushe chini ya viti,
na pale betri inapokaa, watu husahau pale.
Chini ya kila mlango kuna vitundu vitatu,
vizibue kwa njiti ya ufagio.
Maji yatatoka meusi. Yaache yatoke.
Uliogeshe kwa maji ya mvua, yale ya pipani,
si ya kisima; kisima chetu kina munyu
na munyu hauna urafiki na mtu.

Unasikia radi? Kizingo kumeshaingia giza.
Ulimi unaniwasha nikwambie ungoje ipungue.

Nenda.
Fika Mama Ngina, geuza, rudi.
Mimi nitakaa hapa mlangoni na taulo begani
nikisikiliza gia ya tatu,
ambayo hulalamika kidogo.
Isikutishe. Ni kawaida yake.