Kalamu Nyekundu, Barani

Riwaya fupi tatu, zimefungwa kwa uzi wa katani,
nimeletewa nizipime. Nimezivika gazeti
kama vitabu vya shule, nazisoma nyuma ya mashine ya fotokopi,
Malindi nzima ikija kutoa nakala za vyeti vya kuzaliwa.

Ya kwanza: wanaume wawili wanapendana hadi ukurasa wa arobaini,
kisha mmoja anagongwa na lori.
Nimeandika pembeni: Lori hili limetumwa na nani?
Alama nne.

Ya pili ni uturi mtupu. Macho ya lulu, kifua cha mpingo,
hakuna anayekohoa, hakuna anayedaiwa kodi.
Sikumwamini hata paka wao.
Mbili, na moja nimeongeza kwa hati nzuri.

Ya tatu iliniunguzia wali.
Lali anamshonea Kahindi kifungo cha shati
bado limo mwilini, anakata uzi kwa meno,
na mwandishi, Mungu amzidishie, hakusema kitu.
Baadaye wanagombana juu ya chumvi.
Busu lenyewe lilikuja kama mgeni mwenye adabu,
baada ya hodi ya tatu.
Sura ya tano imelegea, nimeifyeka.
Neno "moyo" mara sitini na mbili; nimehesabu.
Alama nane.

Fomu ina kisanduku cha mwisho: Maadili.
Kalamu ilikauka hapo. Kwingine iliandika vizuri tu.

Nikamkumbuka kaka yangu Famau,
shati lake la samawati,
kifungo cha pili kimeshikwa kwa uzi mweusi,
wala hatukumuuliza nani alishona.