Maziwa ya Pakiti

Kibuyu sina. Nilibeba maziwa ya pakiti,
nusu lita, kutoka duka la chini pale Kawangware,
nikayaficha ndani ya leso mbele ya wenye vibuyu.

Alfajiri, Karura ina umande wa kuosha viatu.
Tumeelekea Kirinyaga,
ambao hauonekani: kuna ukungu, kisha jengo la benki.
"Elekea tu," akasema Nyaguthii,
"mlima hauhitaji macho yako."

Kushoto kwangu, Ogweno.
Tunapishana ngazini bila salamu
tangu usiku ule kibanda changu kilipogeuka majivu
naye ana kiberiti mfukoni, au hana.
Sijawahi kumuuliza.

Thaai, wakasema. Thaai, tukaitikia,
yeye kwa lafudhi ya ziwani, mimi kwa sauti ya mafua.

Zamu yangu ikafika. Pakiti ikagoma kupasuka.
Ogweno akanyoosha mkono, akaing'ata pembeni,
akanirudishia.
Nikamwaga. Ardhi ikanywa, haikuuliza chapa.

Tone moja lilibaki kwenye ndevu zake.
Nusura nicheke.

Jioni, ngazini: "Umeshindaje?"
Nikalitafuta jibu
mpaka ghorofa ya tatu.